Isale Linapotumwa na Aliyekosewa

Wajukuu, hakuna anayepanda kutoka Moshi mjini kwenda Uru asipite kando ya isale, ila wengi hupita bila kujua wamepita wapi. Ni ule mmea wa majani marefu ya kijani kilichokolea, unaosimama kwa mstari kati ya kihamba, yaani shamba la ukoo, na kihamba kingine, katikati ya migomba na kahawa. Utauona pia penye makaburi ya wazee. Ukiukata, unachipua. Ukichomeka kipande chake ardhini wakati wa mvua, kinashika mizizi. Ndiyo maana mababu waliutumia kuweka mpaka: jirani mwenye tamaa anaweza kung'oa kigingi usiku mmoja, lakini mstari wa masale humsuta miaka na miaka.

Na mmea huohuo unaosema "hapa ni kwangu, kule ni kwako" ndio Wachagga wanaoutuma wanapoomba msamaha. Jambo hilo nimelitafakari tangu ujana wangu. Leo nataka kuwaeleza Wakristo wanaamini nini wanaposema kwamba Yesu ni mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu, na sioni pa kuanzia pazuri kuliko hapo.

Nianze na kisa. Sitataja majina, kwa sababu visa vya namna hii vimezipata koo nyingi, na si haki ukoo mmoja ubebeshwe aibu ya wote. Palikuwa na ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja. Kwa desturi yetu mkubwa alimegewa kihamba chake alipooa, na kitindamimba akabaki kwenye nyumba ya wazazi. Vihamba vyao vilipakana na vilinyweshwa na mfongo mmoja, ule mfereji unaoteremsha maji kutoka mtoni huko juu. Maji ya mfongo yana zamu, na zamu ni jambo la heshima. Basi mwezi wa pili, jua likiwa limekausha hata majani ya migomba, mkubwa akaamka usiku akayageuza maji yaingie kwake, na zamu haikuwa yake. Mdogo akamkuta palepale. Maneno yakawa makali, yakafika hadi kwenye mambo yasiyosemwa mbele ya mama. Mkubwa akainua mpini wa jembe. Mkono wa mdogo ukavunjika, na ulipopona haukunyooka tena.

Baada ya hapo hawakusalimiana. Mmoja akifika msibani, mwingine anaondoka. Watoto wakakatazwa kuchezea upande wa pili. Krismasi ilipofika, na ndugu waliotoka Dar es Salaam na Arusha wakapanda mlimani kama ilivyo kawaida yetu kila Desemba, walilazimika kula mara mbili: nyama kwa mkubwa mchana, nyama kwa mdogo jioni, na mama yao katikati hana raha kokote.

Miaka ikapita hivyo. Siku moja moyo wa mkubwa ukachoka. Alitaka kwenda kwa mdogo wake, lakini aende vipi? Akibisha hodi mwenyewe, uso wake ndio utakaowasha hasira upya. Akisema "nimekosa," mdomo unaosema hivyo ni uleule uliotukana. Na mdogo anaweza kufunga mlango, akawa na haki ya kuufunga. Hapo mtu aliyekosa hugundua kwamba njia aliyoibomoa hawezi kuijenga kwa mikono yake peke yake.

Akaenda kwa mdogo wa baba yao, mzee aliyewapakata wote wawili walipokuwa wachanga. Mzee huyo hakuanza na isale. Alianza kwa kumwambia, "Ulimvunja mkono nduguyo kwa maji ambayo hayakuwa zamu yako. Unakubali?" Hakusogea mpaka mkubwa alipokubali kwa kinywa chake. Ndipo alipokata jani la isale, akalifunga fundo, akateremka nalo mpaka nyumbani kwa mdogo. Mdogo alipoliona alijua limetoka wapi. Hakulipokea kwa furaha. Usiku kucha alimfokea yule mzee, akamwaga miaka yote ya uchungu juu ya mtu ambaye hakumkosea lolote. Mzee akakaa kimya, akasikiliza, akapokea yote. Kulipokaribia kucha, mdogo akalishika lile jani.

Kwa desturi yetu isale halikataliwi. Unaweza kulia na kudai haki yako isemwe mbele ya watu, lakini aliyekuletea isale huwezi kumfukuza na kubaki mtu wa kawaida katika ukoo. Baada ya hapo wazee walikaa, kosa likatajwa bila kufunikwa, mbuzi akachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa, na ndugu wawili wakanywa kwenye kata moja.

Shikeni mambo matatu katika kisa hicho, tutayahitaji. Mpatanishi alikuwa wa damu na pande zote mbili. Hakuificha kweli. Na hasira iliyomstahili mwingine, yeye ndiye aliyeketi chini yake usiku kucha.

Sasa tupande juu zaidi. Wachagga walimjua Mungu kwa jina la Ruwa kabla mmisionari yeyote hajafika mlimani, na hadi leo Wakristo wanaosali Kichagga humwita hivyo. Mwaka 1924 Charles Dundas, ofisa wa serikali ya Uingereza aliyefanya kazi Moshi, alichapisha kitabu kuhusu Kilimanjaro na watu wake, na humo aliandika simulizi alilopewa na wazee. Ruwa aliwapa watu wa kwanza shamba la migomba na vyakula vyote, akawakataza kiazi kikuu kimoja tu. Mjumbe wake alikuwa akija kuwajulia hali. Akaja mgeni mwenye maneno matamu, akawadanganya, kiazi kikapikwa, kikaliwa. Mjumbe akasikia harufu ya chungu, akaenda kumwarifu Ruwa. Tangu hapo yakaja maradhi, uzee na kifo.

Mtasema hadithi hiyo inafanana na ya Adamu na Hawa. Inafanana kweli, na Dundas alipoiandika wamisionari walikuwa wamekaa mlimani zaidi ya miaka 30, kwa hiyo huenda hadithi mbili zilikwisha kuonana njiani. Mimi namtazama yule mjumbe. Anakuja, anasikia harufu, anarudi kushtaki. Anabeba habari tu. Haingii ndani ya nyumba ya wakosefu akaketi nao, wala hamwombi Ruwa kwa niaba yao. Mjumbe wa namna hiyo unaweza kuwa naye maisha yako yote na ukabaki mbali na Mungu.

Katika Biblia yumo mtu aliyeliona pengo hilo na kulilia waziwazi. Ni Ayubu. Amepoteza watoto, mali na afya, na katika sura ya tisa ya kitabu chake analalamika kwamba Mungu si mtu kama yeye hata waende pamoja barazani wahukumiwe, na kwamba hakuna yeyote katikati yao awezaye kuweka mkono juu ya wote wawili. Mwenye kuandika hayo hajawahi kuliona isale, lakini alichokuwa akikitafuta mtu yeyote wa Uru anakijua: mtu wa katikati, mwenye haki ya kumgusa huyu na kumgusa yule.

Waisraeli walipewa njia ya kungojea. Imeelezwa katika Walawi sura ya 16. Mara moja kwa mwaka, Siku ya Upatanisho, kuhani mkuu alitoa kwanza sadaka ya ng'ombe dume kwa dhambi zake mwenyewe, maana naye alikuwa mkosefu. Kisha wakaletwa mbuzi wawili, wakapigiwa kura. Mmoja alichinjwa, na damu yake ikaingizwa nyuma ya pazia, mahali ambapo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukanyaga. Juu ya kichwa cha wa pili, aliye hai, kuhani aliweka mikono yote miwili, akaungama makosa ya watu wote, kisha mbuzi huyo akaongozwa nyikani, asirudi. Mnaowakatia mbuzi majani kila jioni mnajua mbuzi ni nini kwa familia. Si kitu cha kutupa. Watu walisimama wakamtazama akipungua hadi akawa nukta huko mbali, na wakaelewa kwa macho yao kwamba kosa ni kitu kizito kinachohitaji kuchukuliwa mahali.

Lakini mwaka uliofuata walirudi tena na mbuzi wengine wawili. Na mwaka uliofuata tena. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania anakazia hapo: kama sadaka ile ingemaliza kazi, mbona iliendelea kurudiwa? Yeye anajibu kwamba damu ya wanyama haikuwa na uwezo huo tangu mwanzo, na kwamba yote yale yalikuwa yakiwaandaa watu kumpokea kuhani mwingine.

Hapa ndipo ningependa msikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote. Katika kisa cha ndugu wawili, nani alilituma isale? Aliyekosa. Ndivyo desturi inavyotaka, na ndivyo ilivyo katika karibu kila desturi ya upatanisho niijuayo: aliyekosa hutafuta mtu wa kumpeleka, hutafuta mbuzi, hutafuta maneno. Aliyekosewa hukaa kwake akingoja. Imani ya Kikristo inasimulia kinyume chake. Wanadamu ndio waliogeuza maji. Wanadamu ndio waliovunja mkono. Na aliyekosewa ndiye aliyeinuka, akamtafuta mpatanishi, akamtuma nyumbani kwa wakosefu. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba ilikuwa ni Mungu mwenyewe, ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Hakungoja jani letu. Lake lilikuja kwanza.

Na mpatanishi aliyemtuma ni nani? Turudi kwenye lile jambo la damu na pande zote mbili. Kanisa lilichukua karne nyingi kulitafutia maneno sahihi, na mwaka 451, katika Mtaguso wa Kalkedonia, maaskofu walitamka kwamba Yesu Kristo ni Mungu kweli na mtu kweli, mmoja, hakugawanyika. Vijana wengi huyaona maneno hayo kama hesabu ngumu ya katekisimu, wanayakariri kwa ajili ya kipaimara kisha wanayaacha. Mimi nawaomba myasikilize kama mtu wa ukoo anavyosikiliza. Kama angekuwa Mungu tu, angekuwa mgeni nyumbani kwetu, mwenye kutusikitikia kwa mbali. Kama angekuwa mtu tu, angekuwa mkosefu mwingine anayebisha hodi kwenye mlango asioweza kuufungua. Anaweza kuweka mkono juu ya wote wawili kwa sababu ni ndugu wa wote wawili. Padre Charles Nyamiti, mwanateolojia Mtanzania aliyefundisha miaka mingi Nairobi, alilichukua wazo hilo akaliingiza kwenye mila zetu. Katika kitabu chake cha mwaka 1984 alimweleza Kristo kama Ndugu-Mhenga: wa damu yetu, ametangulia kwenye kifo, anatuombea, na anatuunganisha na asili yetu iliyo kwa Mungu.

Kisha usiku ule wa kufokewa. Yule mzee mpatanishi alikaa mpaka alfajiri chini ya hasira isiyomhusu. Yesu alishikwa usiku, akatukanwa usiku, akahukumiwa kabla ya jua kupanda vizuri. Makuhani walimwaga kwake hofu yao, askari ukatili wao, umati uchungu wao, hata marafiki woga wao. Hakuwarudishia. Injili zinasema akiwa msalabani aliwaombea msamaha waliomtundika, na kwamba alipokata roho pazia la hekalu lilipasuka vipande viwili, kutoka juu hadi chini. Kumbukeni pazia lile: ndilo ambalo kuhani mkuu peke yake alilivuka mara moja kwa mwaka.

Najua swali linalokuja, maana huulizwa kila mahali jambo hili linapofundishwa. Mungu ana uwezo wote. Kwa nini asiseme tu "nimewasamehe," yakaisha?

Jibu langu ni mkono wa yule mdogo. Alipolishika isale, mkono wake haukunyooka. Aliendelea kushindwa kukata ndizi kwa mkono ule, na kila asubuhi ulimkumbusha. Kusamehe kwake kulikuwa ni kukubali kuubeba mkono uliopinda bila kuudai tena kwa ndugu yake. Hakuna msamaha wa kweli ambao haukumgharimu aliyesamehe. Anayesema "yameisha" bila kugharimika, ama kosa lilikuwa dogo mno, au hakusamehe, amesahau tu. Makosa ya wanadamu si madogo. Yana watoto waliokufa ndani yake, yana watumwa, yana vita. Msalaba, kwa Mkristo, ni mahali ambapo gharama ya kusamehe ilionekana kwa macho, na aliyeilipa ni yeye aliyesamehe.

Swali la pili ni gumu zaidi, na baadhi yenu mnalo moyoni ingawa mnaogopa kulitoa. Je, Mungu Baba alikuwa na hasira hadi akahitaji kumpiga mtu, akampiga Mwana asiye na kosa? Nimewahi kusikia mahubiri yanayosimulia hivyo, na ninayapinga kwa moyo wangu wote. Baba wa namna hiyo tungemkimbia. Katika Injili ya Yohane, Yesu mwenyewe anasema hakuna anayemnyang'anya uhai wake, yeye ndiye anautoa. Baba na Mwana hawakuwa pande mbili za ugomvi. Nia yao ilikuwa moja.

Ila msidhani Wakristo wote wamelieleza kwa namna moja. Walimu wa karne za mwanzo, kama Irenaeus wa Lyon, walipenda kusimulia vita: kifo na shetani walikuwa wamewateka wanadamu, Kristo akaingia ndani ya ngome yao akaivunja. Mwaka 1098 Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, alimaliza kitabu kinachouliza kwa nini Mungu alifanyika mtu. Yeye aliishi katika nchi ya mabwana na watwana, ambako heshima ya bwana ikivunjwa lazima irudishwe, akaeleza kwamba mwanadamu ndiye anadaiwa lakini ni Mungu tu anaweza kulipa, kwa hiyo mlipaji alipaswa kuwa vyote viwili. Muda mfupi baadaye Abelard, mwalimu wa Paris, alisisitiza upendo: tukiona tumependwa kiasi kile, moyo mgumu unayeyuka, tunarudi. Kanuni ya Imani inayosaliwa kanisani kila Jumapili haikuchagua ufafanuzi mmoja kati ya hizo. Inakiri kwamba alisulubiwa kwa ajili yetu, inaishia hapo. Naona waliofanya hivyo walikuwa na hekima. Kila mwalimu alishika upande alioweza kuufikia, na mimi, mtoto wa mlimani, nimeushika upande wa isale.

Imani hii ilifikaje kwetu? Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1890, Mangi Fumba, mtawala wa hapo, akawapa mahali. Mwaka 1893 walifungua misheni Kibosho, majirani zetu wa magharibi, na mwaka huohuo Walutheri wa Leipzig wakaanza Machame. Ndiyo maana Uru kwa sehemu kubwa ni ya Wakatoliki, na ukivuka kwenda mashariki, Old Moshi, unawakuta Walutheri wengi. Huko Old Moshi alikaa mchungaji Bruno Gutmann, aliyefika Uchaggani mwaka 1902 na kuondoka 1938. Aliketi na wazee miaka mingi, na mwaka 1926 akatoa kitabu kinene kuhusu sheria na desturi za Wachagga. Nampenda mtu huyo kwa jambo moja: aliamini kwamba vifungo vya ukoo na ujirani vilikuwa zawadi ya Mungu tayari, na kwamba Injili haikuja kuvikata.

Kwa kuwa mna marafiki pande zote mbili, lazima mmesikia ubishi huu. Mlutheri anauliza: kama Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mpatanishi ni mmoja tu, mbona nyinyi Wakatoliki mnamwomba Maria na watakatifu? Mkatoliki anayeijua imani yake anajibu kwamba mpatanishi ni mmoja kweli, na kwamba Maria anaombwa atuombee, kama vile unavyomwomba bibi yako akuombee ukiwa na mtihani. Bibi hachukui nafasi ya Kristo kwa kukuombea. Mlutheri naye ana haki ya kuhofia kwamba mtu anaweza kuwazoea waombezi hadi akamsahau Mpatanishi, na hofu hiyo si ya bure. Jambo kubwa zaidi, lile lililowatenganisha tangu karne ya 16, ni namna mwanadamu anavyohesabiwa haki mbele ya Mungu. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, wawakilishi wa Kanisa Katoliki na wa Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yetu. Sahihi zile zinatuhusu sisi hapa mlimani, ambako binti wa Old Moshi anaolewa Uru na watoto wanakuwa na mababu wa madhehebu mawili.

Kuna swali moja limebaki, nalo linatoka kwenye historia yetu wenyewe. Mtu anawezaje kubeba kosa ambalo hakulitenda? Tarehe 2 Machi 1900, pale Old Moshi, Wajerumani waliwanyonga Mangi Meli na viongozi wengine, jumla watu 19. Kichwa cha Meli kinasimuliwa kuwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na wajukuu zake wamekitafuta miaka mingi. Mwezi Septemba 2023 wataalamu wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba, kwa kupima vinasaba, walikuwa wamewapata ndugu walio hai wa baadhi ya watu wa Kilimanjaro ambao mafuvu yao yalihifadhiwa huko. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea mbele ya wazao wa waliouawa katika Vita vya Majimaji, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Hakuwa amezaliwa wakati wa vita vile. Hakumnyonga mtu. Lakini alikubali jina la taifa lake liwe jina lake, pamoja na madoa yake, akainamisha kichwa.

Msinielewe vibaya, simlinganishi rais na Kristo. Ninachotaka mwone ni kwamba wanadamu tunaelewa, hata serikalini, kwamba mmoja anaweza kusimama mahali pa wengi. Paulo anafundisha hivyo katika Warumi sura ya tano: kama kosa la mmoja lilivyowafikia wote, utii wa mmoja unawafikia wengi. Yesu alikubali jina letu liwe jina lake.

Na Songea inatufundisha kitu kingine pia. Maneno yalisemwa, lakini bado kuna familia zinazosubiri mabaki ya mababu zao yarudi yazikwe penye masale ya kwao. Msamaha haukufuta deni la kurudisha. Katika Injili ya Luka yupo Zakayo wa Yeriko, mkubwa wa watoza ushuru, tajiri kwa jasho la wengine. Yesu hakumwambia alipe kwanza ndipo aingie nyumbani kwake. Aliingia kwanza, akawa mgeni wake, watu wakanung'unika. Ndipo Zakayo, bila kuamriwa, akasimama akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu, mara nne.

Ndivyo inavyokuwa hata kwenye kitubio, na hili nawaambia mnaojiandaa kuungama kwa mara ya kwanza. Padre atakusikiliza na atakuondolea dhambi kwa jina la Kristo, maana kazi hiyo si yake mwenyewe. Pamoja na hayo atakupa malipizi. Ukiungama kwamba uliiba parachichi za jirani ukaziuza sokoni, usishangae akikuagiza umrudishie thamani yake, au kama huna hela, uende ukampalilie kahawa yake Jumamosi mbili, na umwambie kwa nini umekuja.